Kuku mgeni hakosi kamba mguuni: namna ya kuingiza kuku wapya kwenye kundi bila vita wala vifo

Mavuno yakishauzwa na pesa kidogo ikiwa mkononi, watu wengi vijijini huongeza kuku. Mmoja anatoka mnadani na matetea watatu kwenye tenga nyuma ya bodaboda, mwingine ameletewa jogoo na shemeji yake kutoka wilaya ya pili. Wiki moja baadaye ndipo maswali yanapotufikia kwenye kipindi chetu cha mifugo: wale wapya wanadonolewa hadi damu, wanashinda wamejibanza pembeni, hawali. Au habari mbaya zaidi, kuku wa zamani ndio wameanza kufa. Makala haya tumeyaandika ili msikilizaji uyasome kwenye simu kabla hujafungua tenga.

Kwa nini wanapigana

Kuku wa nyumbani ametokana na kuku mwekundu wa misitu ya Asia, ambaye mpaka leo huishi kwa vikundi vidogo vya jogoo na majike kadhaa. Ndani ya kikundi kila mmoja anajua anayeweza kumdonoa na anayepaswa kumpisha. Aliyeliandika jambo hili kitaalamu kwa mara ya kwanza ni Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norway, miaka ya 1920, mtu aliyekuwa akiwatazama kuku tangu utoto wake. Aliona kwamba wa juu humdonoa yeyote, na wa chini kabisa hudonolewa na wote. Aliona pia kwamba ngazi hiyo mara nyingine inajizungusha: kuku wa kwanza anamtawala wa pili, wa pili anamtawala wa tatu, na wa tatu anamtawala yule wa kwanza! Kaa kwenye kigoda jioni, warushie kuku wako punje chache za mahindi, utaliona mwenyewe bila kusoma kitabu.

Vyeo vikishakaa, amani hukaa. Anayetazamwa kwa jicho kali hupisha, na hakuna haja ya kupigana kila siku. Kuku hutambuana zaidi kwa sura ya kichwa, hasa upanga na ndevu. Ndiyo maana kuku aliyeumwa ukamtenga wiki mbili tatu akirudi anaweza kupokewa kama mgeni, ingawa alizaliwa kwenye banda lilelile.

Mgeni akiingia, ngazi yote inatikisika. Kila mmoja anataka kujua huyu atakaa juu yangu au chini yangu, na njia wanayoijua ya kuulizana ni mdomo. Kwa hiyo tuseme wazi: ugomvi kidogo hauzuiliki. Kinachozuilika ni vifo.

Ugonjwa kwanza, ugomvi baadaye

Tunaanza na ugonjwa kwa makusudi, kwa sababu kudonoana kunaua kuku mmoja, lakini kideri kinafagia banda zima. Ugonjwa huu, ambao sehemu nyingine huitwa mdondo, unasababishwa na virusi, na kuku aliyeambukizwa anaweza kukaa siku 2 hadi 15 kabla ya kuonyesha dalili. Maana yake kuku uliyemchagua mnadani kwa sababu macho yake yanang'aa huenda tayari ameubeba. Mafua makali ya kuku na homa ya matumbo ya kuku yana hila nyingine: aliyeugua akapona anaweza kuendelea kuwaambukiza wenzake huku yeye anaonekana mzima.

Kwa hiyo kuku mpya asilale na wenyeji usiku wa kwanza. Mtenge kwa wiki 2 kwa uchache. Sisi tunapendelea mwezi mzima kama nafasi ipo. Si lazima ujenge. Jiko la zamani linatosha, tenga kubwa chini ya kihenge linatosha, hata kwa jirani asiyefuga kuku, ukimwomba vizuri. Muhimu ni kwamba wageni wawe mbali na banda, wasinywe maji kwenye chombo kimoja na wenyeji, na wewe uwahudumie wenyeji kwanza, wageni mwisho, kisha unawe mikono na usafishe viatu. Ukifanya kinyume, virusi utavipeleka wewe mwenyewe kwa miguu yako.

Katika siku hizo mkague. Inua mabawa na utazame kwapani na kuzunguka sehemu ya haja kama kuna utitiri au chawa. Tazama usoni kama kuna viroboto walioganda. Mpe dawa ya minyoo. Kama hajachanjwa kideri, muone afisa mifugo wa kata kuhusu chanjo ya I-2, ile ya kudondosha tone moja kwenye jicho. Ilitengenezwa Australia kwa kuwalenga wafugaji wa vijijini wasio na majokofu, na hapa Tanzania huzalishwa na maabara ya serikali ya mifugo, TVLA, kule Kibaha. Kustahimili joto hakumaanishi uiache juani kwenye dashibodi ya gari. Ibebe imefungwa kitambaa kibichi, kivulini. Chanjo hurudiwa kila baada ya miezi 3 hadi 4, na huchukua kama wiki 2 kabla ya kinga kushika. Haimponyi aliyekwisha kuugua. Tumia siku za karantini kuwachanja wenyeji pia kama muda wao umefika.

Ile kamba ya mguuni

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na methali hiyo ilitoka kwenye jambo linalofanyika mpaka leo. Kuku mpya hufungwa kamba kwenye nguzo siku tatu nne ili azoee nyumba asipotee. Nia ni nzuri. Tatizo ni kwamba kuku aliyefungwa hana pa kukimbilia. Wenyeji wanamzunguka, wanamdonoa kichwani, naye anavuta kamba mpaka mguu unavimba. Katika lugha ya kuku, anayeshindwa hukimbia, na akikimbia ugomvi umekwisha. Wa kamba hawezi kukimbia, hivyo aliyemshinda anaendelea kumpiga.

Ukitaka azoee nyumba, mfunike kwa tenga, au mtengenezee kizimba cha fito au waya wa kuku, ukiweke pale wenyeji wanapopita na kula. Hii ndiyo hatua ya pili, baada ya karantini, nayo ichukue siku 7 hivi. Wanaonana, wanasikiana, wanakula wakiwa jirani, lakini mdomo haufiki. Mwanzoni utaona wenyeji wanasimama mbele ya kizimba wamevimbisha manyoya ya shingo. Ikifika siku ya nne au ya tano wengi wanapita bila kujali. Kutojali huko ndiko unakokisubiria.

Siku ya kuwachanganya

Usimwingize kuku mmoja peke yake ukiweza. Wawili au watatu hugawana mapigo. Pia wasiwe wadogo sana. Mtetea wa miezi miwili akitiwa kati ya makoo wazima hana uzito wa kujitetea. Mngoje akaribie ukubwa wao, kwenye miezi minne au zaidi. Kuna sababu nyingine ya kungoja kwa wanaonunua chakula cha dukani: chakula cha kuku wa mayai kina chokaa nyingi, na kuku ambaye hajaanza kutaga akikila kwa muda mrefu figo zake huharibika.

Wengi hupenda kuwapandisha wageni kwenye fito usiku, wenyeji wakiwa wamelala. Ni njia nzuri, kwani kuku gizani haoni vizuri na hapigani. Ila asubuhi ataona. Ukiwaweka usiku, uwe umeamka kabla ya alfajiri na ufungue mlango mapema watoke nje, maana vita vya ndani ya banda lililofungwa ndivyo vinavyoua. Kama huwezi kuamka, ni afadhali uwachanganye nje, alasiri, zikiwa zimebaki saa mbili tatu jua lizame.

Siku hiyo weka chakula sehemu mbili au tatu zilizo mbali mbali, na maji vivyo hivyo. Kuku mbabe anaweza kulinda chombo kimoja kutwa nzima, lakini hawezi kulinda viwili. Weka pia vizuizi: kreti kuukuu, kapu lililopinduliwa, matawi. Mgeni akipita nyuma yake na kupotea machoni, mara nyingi anayemfukuza anaacha. Kata mchicha au majani ya kabichi, uyafunge kwa kamba na kuyaning'iniza juu kidogo ya vichwa vyao, ili wayarukie. Mdomo wenye kazi haudonoi mwenzake.

Upi ni ugomvi wa kawaida

Kuvimbisha shingo, kurukiana kifua kwa kifua, kudonoa kichwani mara moja mbili, kumfukuza mgeni hatua kadhaa: hayo yaache. Ukiingilia kila mara unachelewesha tu kupangwa kwa ngazi. Mara nyingi hali hutulia ndani ya siku chache, na kufikia wiki 2 kundi limekuwa moja, ingawa wageni wanaweza kuendelea kula wakiwa pamoja, pembeni, kwa muda.

Ingilia ukiona damu. Kuku huvutwa na rangi nyekundu, na kidonda kidogo hugeuka kivutio cha banda zima. Hata waliokuwa wapole hujiunga. Mtoe aliyejeruhiwa saa hiyohiyo, msafishe kwa maji safi yenye chumvi kidogo, na umweke peke yake mpaka kidonda kikauke kabisa. Ile dawa ya buluu ya kupuliza inayouzwa maduka ya mifugo husaidia, na rangi yake huficha wekundu. Muulize muuzaji ni siku ngapi ungoje kabla ya kula nyama au mayai. Ingilia pia ukiona mgeni hashuki kwenye fito kutwa nzima, au kifua chake kimeanza kuwa kama kisu. Huyo hapigwi sana, lakini anakufa kwa njaa taratibu.

Mara nyingi mchokozi ni mmoja tu, naye kwa kawaida ni koo aliye juu au wa pili. Hapa watu wengi humtoa anayepigwa. Sisi tunashauri umtoe anayepiga. Mweke mbali, asionekane, siku 3 au 4. Huku nyuma wengine wanapanga ngazi bila yeye, na akirudi yeye ndiye mgeni. Wengi hurudi wakiwa na adabu.

Kama kudonoana hakuishi na kumeenea kwa wengi, hasa kunyofoana manyoya na kudonoana sehemu ya haja, acha kutafuta mchokozi na tazama banda lenyewe. Kuku 5 hadi 6 wa kienyeji kwa mita moja ya mraba ndicho kipimo cha kawaida. Wakizidi sana, moto unawaka. Kila mmoja apate kama sentimita 20 za fito ya kulalia. Pumba tupu bila dagaa, mashudu au wadudu huwaacha na njaa ya protini, na ukosefu wa chumvi huwafanya watafute ladha ya damu. Viota viwe na giza kidogo ili anayetaga asionekane. Kuhusu kukata midomo, kwa kuku anayejitafutia tusiifanye: mdomo ndio jembe lake.

Jogoo wapya

Kubadilisha jogoo kila baada ya mwaka mmoja au miwili ni jambo jema, la sivyo atawapanda binti zake na vifaranga watazidi kuwa dhaifu. Lakini usiwakutanishe wa zamani na mpya ukidhani watazoeana. Majogoo wazima wawili wenye makoo wachache hupigana kwa mwiba wa mguuni mpaka mmoja aishiwe nguvu au afe. Muuze au mchinje wa zamani kwanza, ndipo mpya atolewe karantini. Jogoo mmoja anatosha makoo 8 hadi 10. Ukiwa na kundi kubwa linalohitaji wawili, walelewe pamoja tangu vifaranga, na wawe na eneo la kutosha la kila mmoja kuongoza majike wake.

Makoo nao hawampokei jogoo mdogo kwa heshima. Pora wa miezi mitano anaweza kufukuzwa na koo mmoja mwenye hasira, akakaa wiki nzima bila kuwika. Mpe muda.

Njia isiyo na vita kabisa

Kama unachotaka ni damu mpya, huna haja ya kununua kuku mzima. Omba au nunua mayai yenye mbegu kutoka kwa mfugaji unayemwamini, ambaye kuku wake ni wazima, na umwekee koo wako anayeatamia. Watakaoanguliwa watakuwa wenyeji tangu siku ya kwanza. Hatari ya magonjwa haiishi kabisa, kwa kuwa machache hupitia hata kwenye yai, lakini hupungua sana.

Unaweza pia kumpa koo vifaranga wa siku moja walionunuliwa, ilmradi wa kwake nao wameanguliwa jana au leo. Wasukumie chini ya mabawa yake usiku, mmoja mmoja. Ukichelewa siku kadhaa atakuwa amewajua wake, na wa rangi tofauti atawadonoa. Asubuhi kaa karibu umtazame kwa nusu saa. Akiwaita wote kula, mwachie.