Mbwa wa Huduma kwa Askari Waliojeruhiwa Vitani: Kazi Yao na Hukmu ya Kuwaweka

Bismillahir Rahmanir Rahiim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Masahaba zake.

Ama ba'ad. Tumepokea suala kutoka kwa mama yetu mmoja wa Unguja. Mwanawe alihamia Marekani miaka mingi iliyopita, akaingia jeshini huko, akapelekwa Afghanistan, na akarudi amepoteza mguu na usingizi. Sasa madaktari wake wamemshauri achukue mbwa aliyefundishwa kuwasaidia majeruhi wa vita. Mama alikuwa anajitayarisha kwenda kukaa naye miezi mitatu. Aliposikia habari ya mbwa alimwambia mwanawe kwa simu kwamba mbwa akiingia, yeye haendi. Kisha moyo haukutulia, akatuuliza.

Kuna watakaotaka tuanze na hukmu ya kijana wa Kiislamu kuingia katika jeshi lile na kwenda kupigana kule. Hilo ni suala zito, na lina mahali pake. Hapa tumeulizwa habari ya mgonjwa, nasi tunajibu habari ya mgonjwa.

Wanavyuoni wetu wametufundisha kuwa huwezi kulihukumu jambo kabla ya kulielewa. Sisi wa visiwani tukisikia "mbwa" tunamfikiria yule anayezurura jaani, au yule wa bwana mkubwa anayelala kitini. Huyu tulioulizwa habari zake ni mwengine kabisa, kwa hivyo tumueleze kwanza.

Walipoanzia

Mbwa hawa tangu mwanzo wana uhusiano na majeruhi wa vita. Mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea, daktari wa Kijerumani aitwae Gerhard Stalling alifungua katika mji wa Oldenburg skuli ya kuwafundisha mbwa kuwaongoza askari waliopofuka, wengi wao kwa gesi ya sumu. Mmarekani mmoja aliyekuwa akiishi Uswisi, Bibi Dorothy Harrison Eustis, aliziona skuli za Wajerumani akaandika habari zake mwaka 1927. Makala yake ilimfikia kijana asiyeona wa Nashville, Morris Frank. Kijana akamwandikia, akasafiri hadi Uswisi, na mwaka 1928 akarudi kwao na mbwa aliyemwita Buddy. Mwaka uliofuata wakaanzisha The Seeing Eye, skuli ambayo ipo hadi leo. Uingereza nao walipata mbwa wao wa mwanzo wa kuongoza wasioona mwaka 1931.

Kuongoza wasioona kukawa mlango tu. Kuanzia miaka ya 1970 jumuiya kama Canine Companions ya California, iliyoanzishwa mwaka 1975, zikaanza kuwafundisha mbwa kumsaidia mtu asiyeweza kutembea au kutumia mikono yake vizuri. Vita vya Iraq na Afghanistan vilipoanza kurudisha maelfu ya vijana waliokatika viungo, na wengine wengi wazima wa mwili lakini wameharibika ndani, haja ya mbwa hawa ikawa kubwa kuliko ilivyowahi kuwa.

Wanafanya nini hasa?

Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inayolinda haki za wenye ulemavu inamtambua mbwa wa huduma kwa kazi yake. Lazima awe amefundishwa kumfanyia mwenyewe kazi maalumu inayohusiana na ulemavu wake. Mbwa wa kumliwaza mtu tu kwa kuwa naye karibu hahesabiwi, hata mwenyewe ampende vipi. Tafadhali msomaji aliweke jambo hili akilini, maana tutalirejea tukifika kwenye fiqhi.

Kwa aliyekatika mguu, mbwa huokota funguo zilizoanguka, huleta simu, magongo, hata mguu wa bandia asubuhi. Huvuta kamba iliyofungwa kwenye mlango wa friji ukafunguka, na hubonyeza kwa pua kitufe cha mlango wa hospitali. Aliyeharibikiwa masikio na miripuko huguswa na mbwa wake kengele ya mlango inapolia, au mtoto anapoamka. Aliyeumia ubongo akashikwa na kifafa, mbwa hukaa naye mpaka azindukane, na wako waliofundishwa kubonyeza kitufe cha kuita msaada.

Lakini kazi inayowashangaza wengi ni ile ya usiku. Askari mwenye maradhi ya kiwewe cha vita hulala na kurudi vitani. Hupiga kelele, hurusha mikono, na mke anaogopa kumgusa kwa sababu mtu aliyemo ndotoni hajui anampiga nani. Mbwa amefundishwa kuitambua hali ile: humsukuma kwa kichwa, humvuta shuka, wengine huwasha taa, mpaka anaamka na kujua kuwa yuko nyumbani. Mchana, sokoni au kwenye foleni ya benki, mbwa husimama nyuma ya bwana wake ili watu wasimkaribie mno mgongoni, maana hilo ndilo linalomtia hofu. Akianza kutetemeka, mbwa humuegemea kwa uzito wake au humwekea kichwa mapajani, na asipotulia humtoa nje ya msongamano.

Ipo kazi nyengine isiyofundishwa skuli yoyote. Mbwa lazima ale, na lazima atolewe nje asubuhi na jioni. Mtu aliyejifungia chumbani miezi, mapazia yameshushwa, sasa analazimika kuvaa viatu na kutoka. Wafugaji wetu wa ng'ombe wa Pemba wataielewa hali hii bila ya kuelezwa. Mnyama hangoji huzuni yako iishe ndipo aone njaa.

Wengi wao ni wa aina za Labrador na golden retriever, kwa upole wao. Hulelewa tangu wadogo na watu wanaojitolea, kisha huingia skuli, na kazi yote huchukua kiasi cha miaka miwili. Si wachache wanaoshindwa. Huko New York jumuiya ya Puppies Behind Bars tangu mwaka 1997 inawapa wafungwa kazi ya kuwalea na kuwafundisha, na tangu 2006 baadhi ya mbwa hao hukabidhiwa askari waliojeruhiwa. Tulipolisoma hili tulisimama kidogo: mfungwa, ambaye jamii imemfungia mlango, anamfundisha mnyama kumfungulia mlango mtu asiye na mikono. Gharama ya mbwa mmoja hufika makumi ya maelfu ya dola, lakini jumuiya nyingi humkabidhi askari bure, kisha yeye na mbwa hufunzwa pamoja ili wazoeane.

Je, wanaponya?

Idara ya Maveterani ya Marekani ilisita kwa miaka. Mwaka 2012 ilikubali kugharamia matibabu ya mbwa wanaowasaidia wasioona, wasiosikia na wasioweza kutembea, lakini kwa maradhi ya kiwewe ilisema ushahidi bado. Utafiti ulioagizwa na Bunge lao uliwashirikisha askari wa zamani 227. Baadhi walipewa mbwa wa huduma, wengine mbwa wa kuwaliwaza tu. Waliopewa mbwa wa huduma walipungukiwa zaidi na dalili za kiwewe na fikra za kujiua, ingawa katika uwezo wa jumla wa kuendesha maisha ya kila siku haikuonekana tofauti baina ya makundi mawili. Utafiti mwengine uliotolewa mwaka 2024, uliofanywa na watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Arizona na kuwahusu watu 156, ulionesha kuwa baada ya miezi mitatu waliokuwa na mbwa walikuwa na dalili chache za kiwewe, wasiwasi na huzuni kuliko waliokuwa bado wanasubiri. Agosti 2021 ilipita sheria ya kufanya jaribio la miaka mitano katika baadhi ya hospitali za maveterani, ambapo askari wagonjwa wenyewe huwafundisha mbwa wa huduma. Kumfundisha mbwa subira ni tiba kwa mwenye kufundisha.

Pamoja na hayo tusimdanganye mama yetu. Kapteni Luis Carlos Montalván, aliyejeruhiwa Iraq, aliandika mwaka 2011 kitabu kilichopendwa sana juu ya mbwa wake Tuesday, na kwa sababu yake watu wengi Marekani walizijua habari hizi. Disemba 2016 alijiua. Mbwa ni msaada mmoja miongoni mwa misaada. Mgonjwa anamhitaji daktari, dawa, dua na watu wake, na mama mzazi ni wa mwanzo katika watu wake.

Hukmu ya kumuweka

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa mwenye kuweka mbwa hupungukiwa na thawabu zake kila siku, isipokuwa mbwa wa kuwinda, wa mifugo au wa shamba. Je, ruhusa imekomea kwa hawa watatu? Imamu Nawawi, nguzo ya madhehebu yetu ya Kishafii, ameeleza katika sherehe yake ya Sahih Muslim kuwa iliyo sahihi zaidi ni kujuzu mbwa wa kulinda nyumba pia, kwa kuwapimia hao watatu, kwa sababu illa inayofahamika katika hadithi ni haja. Ikiwa haja ya kulinda mali inatosha, basi haja ya kumuinua mtu aliyeanguka na kumtoa katika jinamizi ina nguvu zaidi. Na Qur'ani yenyewe, katika aya ya 4 ya Suratul Maida, imetofautisha baina ya mnyama aliyefundishwa na asiyefundishwa, ikahalalisha windo la aliyefundishwa. Kwa hivyo tunaona inajuzu kwa majeruhi huyu kumuweka mbwa wa huduma, kwa sharti awe ni wa kazi kweli. Anayetaka mbwa wa kujipamba nae asijifiche nyuma ya fatwa hii.

Hatukuwa wa mwanzo. Mwaka 2008 huko Leicester, Uingereza, kijana wa Kiislamu asiyeona aliruhusiwa kufika msikitini na mbwa wake wa kumuongoza, mbwa akawekewa mahali pake pa kungojea mlangoni, mbali na pahala pa kusalia.

Mas'ala ya bei: Mtume (S.A.W.) amekataza thamani ya mbwa, na kwa Mashafii kumuuza hakusihi. Anayepewa bure hana tatizo. Ikilazimu kutoa kitu, ailipie taaluma na huduma, au amlipe aliye naye ili aondoe mkono wake juu yake, kama walivyotaja mafakihi wetu, wala asinuie kununua.

Twahara na sala

Hapa ndipo penye wasiwasi wa watu wetu, na wana haki. Kwetu Mashafii mbwa ni najisi nzito mwili mzima. Kilichoguswa kwa majimaji huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na baadhi ya wanavyuoni wameruhusu sabuni mahali pa udongo. Lakini kikavu kikigusana na kikavu hakinajisiki. Mbwa mkavu akipita akagusa buibui kavu la mama, hapana la kuosha. Wengi hawalijui hili, wakajitesa.

Mwana atenge chumba ambacho mbwa haingii, awekemo msala na nguo za kusalia. Awaambie wafundishaji mapema kuwa anataka mbwa aamshe kwa kusukuma kwa kichwa, si kwa kuramba, nao wanaweza kumzoesha hivyo. Na ikimuwia uzito yeye mwenyewe, ana nafasi ya kumfuata Imamu Malik, ambaye kwake mbwa ni twahara, au Mahanafi wanaoona najisi iko kwenye mate. Haifai kuchezea madhehebu kwa matamanio, lakini aliyerambwa saa tisa za usiku akitetemeka kwa jinamizi hakufanya la matamanio.

Ama Malaika kutoingia nyumba yenye mbwa, Al-Khattabi ameona kuwa inakusudiwa nyumba ya mbwa asiyeruhusiwa. Nawawi ameona ni kila mbwa. Kwa kauli zote mbili sala ya mama katika nyumba ile ni sahihi, maadamu mwili, nguo na mahali pake pa kusalia ni safi.

Basi mama yetu, safiri. Usimfanye mwanao achague baina yako na tiba yake. Ukifika, utamuona mbwa amevaa kizibao cha kazi. Akiwa nacho usimwite wala usimpe chakula, maana yuko kazini. Kikivuliwa, mkipenda mpeni maji. Hadithi ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu tumeisoma chuoni sote, na hapa mbwa mwenyewe ndiye anayemtumikia mwanao.

Wallahu A'lam.