Mchambuzi shughuli na neno "biashara" linalomficha

Tangazo la kazi likisema taasisi inatafuta "mchambuzi wa biashara", msomaji wa Kiswahili ana haki ya kumfikiria mtu anayefuatilia bei za hisa, au yule anayeeleza redioni kwa nini shilingi imeshuka. Tukisema "mchanganuzi wa biashara" mambo yanazidi kuchanganyika, maana Tanzania mchanganuo wa biashara ni andiko ambalo mjasiriamali hulipeleka benki anapoomba mkopo, likionyesha mtaji, gharama na faida anayoitarajia. Kazi ninayoizungumzia haimo katika hizo. Ni ile inayoitwa kwa Kiingereza business analyst, na wenye kuifanya utawakuta kwenye benki na kampuni za simu, lakini pia kwenye hospitali za umma, mamlaka za kodi na mashirika ya misaada ambayo hayauzi kitu chochote.

Shida imeanzia kwenye kutafsiri neno kwa neno. Business ya jina hili ni zile shughuli ambazo taasisi iliundwa ili izifanye: hospitali itibu, chuo kidahili na kufundisha, halmashauri itoe vibali. Neno biashara halibebi maana hiyo kwetu. Ukisema "biashara ya hospitali", sikio linasikia pesa tu. Ndiyo maana naunga mkono mchambuzi wa shughuli, au kwa ufupi mchambuzi shughuli, kwa muundo uleule wa mchambuzi mifumo ambao wataalamu wa TEHAMA wameshauzoea. Sehemu ya kwanza ya jina haina tatizo. Anayechambua pamba hutenga nyuzi na mbegu na takataka, na mtaalamu huyu naye hutenga kile watu wanachokihitaji na kile walichokiomba. Mara nyingi vitu hivyo viwili vimeshikamana sana.

Kazi yenyewe ina umri mkubwa kuliko jina lake. Mwaka 1951 kampuni ya Uingereza ya J. Lyons, iliyokuwa ikioka mikate na kuendesha mtandao wa maduka ya chai, ilianza kutumia kompyuta yake yenyewe, LEO, kwa hesabu za kiwanda chake cha mikate. Aliyesimamia uchambuzi wa kazi za kuingizwa kwenye mashine hiyo alikuwa David Caminer, mtu wa utawala ambaye tayari alikuwa akichunguza namna ofisi za kampuni zinavyofanya kazi. Tazama walivyoshughulikia maagizo ya maduka. Msimamizi wa kila duka alihitaji keki, mikate na vyakula vingine kwa ajili ya siku inayofuata. Badala ya kumtaka ataje orodha nzima kila siku, kila duka liliwekewa oda ya kudumu kwa kila siku ya wiki, na msimamizi akawa anapigiwa simu ataje mabadiliko peke yake. Mabadiliko hayo yalitobolewa kwenye kadi na kulishwa kompyuta. Angalia kilichotangulia: shughuli ilipangwa upya kwanza, ndipo mashine ikapewa kazi. Taasisi nyingi leo hufanya kinyume, zinanunua programu kisha zinawalazimisha watu kuifuata.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya kuanzia Oktoba 2005, lengo lilikuwa kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu kupokea na kurejesha mikopo yao kwa simu. Walioendesha mradi, Nick Hughes na Susie Lonie, walikuwa na kundi dogo la watumiaji, chini ya 500, na waliwafuatilia kwa makini. Wakaona watu wanaitumia huduma kwa mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango. Wengine walilipana wao kwa wao katika biashara zao. Wengine waliweka fedha kwa wakala kabla ya safari na kuzitoa walikofika, ili wasivamiwe njiani. Marejesho ya mikopo ya vikundi, yaliyokuwa kiini cha mradi, ndiyo yaliyosumbua, kwa kuwa kulinganisha hesabu za simu na vitabu vya Faulu kulikuwa kazi nzito. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 ilikuja na ujumbe mmoja tu: tuma pesa nyumbani. Hughes na Lonie hawakuwa na cheo cha mchambuzi shughuli, lakini walichokifanya ndicho kazi yenyewe, na sehemu yake ngumu kuliko zote ni kukubali kwamba hitaji lililoandikwa mwanzoni silo hitaji la watu.

Sasa stadi zinazotakiwa. Orodha ndefu zimo vitabuni: kuhoji, kuchora michakato, kusoma takwimu, kuongoza vikao, kuandika kwa ufasaha. Zote ni za kweli, ila mimi naona moja inazibeba nyingine, nayo ni kuitazama kazi inapofanyika. Tuseme SACCOS ya walimu inataka programu ya kuharakisha mikopo. Meneja anaeleza hatua tatu: mwanachama anajaza fomu, afisa mikopo anakagua, kamati inaidhinisha. Mchambuzi akiandika hizo tatu na kuaga, ameondoka mikono mitupu. Akikaa na afisa mikopo tangu asubuhi ataona fomu zimelala kwenye trei zikisubiri hati ya mshahara ya mdhamini. Ataona pia afisa akivuta droo na kutoa kaunta buku aliloandika kwa mkono nani kamdhamini nani, kwa sababu mfumo uliopo hauonyeshi. Meneja hakulitaja buku hilo na halimo katika kanuni yoyote, lakini programu isiyojua kilichomo ndani yake itakwama wiki ya kwanza.

Watu humchanganya na jirani zake kazini. Meneja wa mradi hujibu kazi itakamilika lini na kwa gharama gani. Mchambuzi mifumo hushughulikia namna programu itakavyojengwa na kuunganishwa na nyingine. Mchambuzi shughuli hujibu kwa nini jambo lifanywe, linamgusa nani, na tutajuaje kwamba limefanikiwa. Jumuiya ya kimataifa ya fani hii, IIBA, iliyoanzishwa Toronto mwaka 2003, inaieleza kama kazi ya kuwezesha mabadiliko katika taasisi kwa kubainisha mahitaji na kupendekeza masuluhisho yenye manufaa kwa wadau. Kompyuta haikutajwa popote, na hivyo ndivyo inavyopaswa: wakati mwingine jibu sahihi ni kufuta sahihi mbili kwenye fomu.

Kuna jambo linaloniuma kuliko hili la jina. Katika ofisi zetu mchambuzi humhoji karani kwa Kiswahili, humsikiliza kwa Kiswahili, kisha hati ya mahitaji huandikwa kwa Kiingereza na kupelekwa kwa mkurugenzi atie sahihi. Karani, ambaye peke yake ndiye angeona kwamba hatua ya nne imerukwa, haioni hati hiyo, au anaiona na kushindwa kuikosoa kwa kuchelea lugha. Istilahi za kuiandika kwa Kiswahili tunazo: hitaji, mdau, mchakato, mawanda, kigezo cha kukubalika, majaribio ya watumiaji. Waajiri wangeweza kuanza na sharti moja kwenye mikataba yao: kurasa zinazoeleza kazi inavyofanyika sasa ziandikwe kwa lugha ya aliyehojiwa, na yeye awe wa kwanza kuzitia sahihi, kabla ya mkurugenzi.