Pikapu ya Mwaka 1931

Katika vitabu vya historia ya magari Henry Ford husifiwa kwa kutengeneza, na sifa hiyo ni haki yake. Kati ya mwaka 1908 na mwaka 1927 kampuni yake ilitoa magari ya Model T zaidi ya milioni 15. Lakini mwanafunzi mwenye udadisi angeweza kuuliza swali ambalo mihtasari ya masomo haina nafasi yake: magari hayo yote yalipochakaa, yalikwenda wapi? Mengi yaliyeyushwa yakawa chuma tena. Mengine yaliozea mashambani, kuku wakataga ndani yake. Na sehemu ndogo iliangukia mikononi mwa vijana wa California, ambao waliyageuza kuwa kitu ambacho Ford mwenyewe hakukikusudia.

Kitu hicho huitwa hotirodi. Ni gari kuukuu, aghalabu la Ford la miaka ya 1920 au 1930, lililovuliwa kila kisichosaidia mwendo, kisha likapewa injini yenye nguvu kuliko ile liliyozaliwa nayo. Madigadi huondolewa, pengine na boneti pia, bodi hushushwa ikaribie ardhi, na mtengenezaji ni mwenye gari mwenyewe akisaidiwa na rafiki mwenye mtungi wa gesi ya kuchomelea. Jina lilienea mnamo mwaka 1945, lakini kazi yenyewe ilikwisha kuanza tangu miaka ya 1920.

Mimi nataka kusema habari za pikapu hasa, kwa sababu pikapu ina nasaba yake. Ford ilianza kuuza pikapu iliyokamilika kiwandani mwaka 1925, kwa dola 281: gari dogo la watu wawili lenye sanduku la chuma nyuma. Kabla ya hapo wakulima na wenye maduka walijifanyia wenyewe. Walichukua gari la abiria, wakaondoa sehemu ya nyuma, wakapigilia sanduku la mbao la kubebea viazi au makopo ya maziwa. Kwa hiyo mkulima alitangulia na kiwanda kikafuata. Anayesema kwamba kukata pikapu ya zamani ni kuharibu asili yake, kwanza aniambie asili hiyo ni ipi. Nasi tuliokuwa Dar es Salaam miaka ya 1980 twaijua habari hii kwa njia yetu: pikapu zilizotiwa mabenchi nyuma, abiria wakakaa wakitazamana kama watu waliozunguka meza, tukaziita chai maharage. Hakuna kiwanda cha Ulaya wala cha Japani kilichozichora hivyo.

Sababu ya mimi, mzee niliyemaliza utumishi katika chuo cha ualimu, kuyajua mambo ya hotirodi ni ya kifamilia. Mwaka 2018 nilipata safari ya kwenda California, na dada yangu akaniomba niseme na mwanawe. Kijana alikuwa ameacha masomo ya uhandisi akiwa mwaka wa tatu, akawa anafanya kazi katika gereji moja mashariki ya Los Angeles, na fedha yake yote ilikuwa imeingia katika pikapu ya Ford Model A ya mwaka 1931. Shemeji yangu, aliyeuza nusu ya shamba lake la kahawa ili kumlipia ada, hakutaka hata kusikia gari hilo likitajwa. Nilikaa huko wiki sita. Siku ya pili kijana alinipa taa ya mkono akasema, "Mjomba, nishikie hapa," na tangu saa ile nikawa mshika taa.

Jambo la kwanza alilonionyesha halikuwa injini bali breki. Model A haina mafuta ya breki. Mguu ukikanyaga pedeli, vyuma virefu huvutana chini ya gari hadi kwenye magurudumu. Ford haikuanza kutumia breki za mafuta mpaka magari yake ya mwaka 1939, na ndiyo maana vijana wa zamani walizichomoa breki za magari hayo na kuzifunga katika magari ya miaka ya nyuma. Mpwa wangu naye alifanya vivyo hivyo. Aliniandikia kwa chaki sakafuni: pistoni ya silinda kuu ikiwa nyembamba, mguu unasukuma kwa wepesi lakini pedeli inakwenda mbali, ikiwa nene, pedeli inakwenda karibu lakini mguu unataka nguvu. Akapiga hesabu ya maeneo ya pistoni zote, akaifuta, akaipiga tena. Hesabu aliyoikimbia chuoni ilikuwa imemfuata gerejini, na safari hii hakuikimbia.

Kisha ni chasisi. Ile ya Model A ni mihimili miwili ya chuma chepesi yenye umbo la herufi C, nayo ilitosha kwa injini ya silinda nne yenye nguvu ya farasi 40. Ukiipachika injini kubwa zaidi, mihimili hujipinda kama ubao mbichi. Dawa yake ni kuchomelea bamba la chuma upande ulio wazi, mpaka mhimili uwe kama boksi refu lililofungwa. Ekseli ya mbele nayo hupashwa moto na kupindwa ili sehemu yake ya kati ibaki chini kuliko ncha, na pua ya gari ishuke. Ukishusha pua, vyuma vya usukani navyo hubadili pembe, na usipovirekebisha gari litakwenda linakotaka lenyewe. Kila badiliko linadai jingine. Nimeona miradi mingi ya wanachuo katika maisha yangu, lakini ni michache iliyomtoza mwanafunzi deni la namna hiyo.

Sasa injini. Mwaka 1932 Ford alifanya jambo lililowashangaza washindani wake: alitoa injini ya silinda nane, zenye kupangwa kwa umbo la herufi V, katika gari la bei ya mtu wa kawaida. Bloku yake ilisubiwa kipande kimoja, kazi ambayo wengi waliiona haiwezekani kwa bei hiyo, na ilitoa nguvu ya farasi 65. Baada ya miaka michache magari hayo yalianza kupata ajali na kutupwa, na injini zake zikawa zinapatikana kwenye mabohari ya vyuma chakavu. Mafundi kama Ed Winfield, aliyebobea katika kabureta na kemshafti, na Vic Edelbrock, aliyetengeneza vifaa vya kufungia kabureta mbili mahali pa moja, walianza kuwauzia vijana vile ambavyo kiwanda hakikuwapa.

Mahali pa kujaribia palikuwa maziwa makavu ya jangwa la Mojave, hasa Muroc, ambako ardhi ni tambarare na ngumu kwa maili nyingi. Mwanzoni magari yalishindana mengi kwa pamoja. Aliyetangulia aliona njia. Waliomfuata hawakuona kitu ila vumbi, na wako waliokufa humo. Mwaka 1937 vilabu viliungana vikaunda chama cha kupima mwendo kusini mwa California, kifupi chake SCTA. Magari yakagawanywa kwa madaraja, yakakaguliwa kabla ya kuruhusiwa, na mwendo ukapimwa kwa saa. Mimi niliyesahihisha mitihani kwa miaka mingi niliona wivu niliposoma habari hizi. Vijana wenyewe, bila wizara wala bodi ya shule, walijitungia mtihani ambao msahihishaji wake hajui jina la mtahiniwa wala la baba yake.

Saa haikuwajua, lakini serikali iliwajua. Miongoni mwa vijana wa maziwa makavu walikuwamo Wamarekani wenye asili ya Kijapani. Tarehe 19 Februari 1942, baada ya Japani kuishambulia Pearl Harbor, Rais Roosevelt alitia saini amri namba 9066, na watu wapatao 120,000 wa asili hiyo, wengi wao wazaliwa wa Marekani, wakaondolewa majumbani kwao na kuwekwa makambini. Kilichoshindwa kubebwa mkononi kiliuzwa kwa bei ya kutupa au kiliachwa. Picha nzuri za hotirodi zinazopamba kalenda hazisemi hilo, nami sioni jinsi mwandishi wa historia anavyoweza kuliruka. Muroc yenyewe ilichukuliwa na jeshi. Leo ni kituo cha ndege za kijeshi cha Edwards.

Vita vilipokwisha vijana walirudi wakiwa wamefundishwa ufundi na jeshi lenyewe. Bill Burke, aliyekuwa ameona matangi ya akiba ya mafuta ya ndege huko Pasifiki, alinunua moja mwaka 1946, akalifanya bodi ya gari la mashindano. Januari 1948 Robert Petersen na mwenzake walitoa toleo la kwanza la jarida la Hot Rod, na mwaka uliofuata mbio za chumvi za Bonneville, Utah, zikaanza. Mjini mambo hayakuwa mazuri hivyo. Vijana walishindana barabarani usiku, watu wakagongwa, magazeti yakalaani. Jibu lilikuwa kuwatafutia uwanja: mwaka 1950 mashindano ya kulipia kiingilio yalianza katika uwanja wa ndege wa Santa Ana, na mwaka 1951 Wally Parks akaanzisha chama cha kitaifa, NHRA.

Hotirodi iliyofahamika kuliko zote ilikuwa na kipande cha pikapu ndani yake. Norm Grabowski alianza kuijenga mwaka 1952. Alichukua nusu ya mbele ya bodi ya Model T, akaifuatishia sanduku la pikapu ya Model A alilolikata likawa fupi sana, akatia injini ya Cadillac. Aprili 1957 gari hilo lilitokea kwenye jalada la jarida la Life, na mwaka 1958 likaingia katika mchezo wa televisheni wa 77 Sunset Strip. Vijana nchi nzima wakaliiga. Sanduku la viazi la mkulima likawa pambo la nyota wa televisheni. Sijui mkulima yule angecheka au angedai fidia.

Baadaye mwendo ulianza kuuzwa dukani. Tangu Chevrolet ilipotoa injini yake ndogo ya silinda nane mwaka 1955, kijana mwenye mshahara alizidi kuwa na uwezo wa kununua nguvu badala ya kuitafuta kwa spana. Hotirodi ikageuka kumbukumbu, na kumbukumbu ina bei. Mwaka 1997 maonyesho ya Pebble Beach, ambako matajiri hupeleka magari yao ya kifahari, yalizifungulia hotirodi daraja lao. Siku hizi unaweza kununua bodi mpya kabisa ya bati kwa mfano wa ile ya mwaka 1932, ukamlipa fundi, ukakabidhiwa ufunguo. Sina kinyongo na tajiri. Lakini gari la namna hiyo halinifundishi chochote juu ya mwenyewe ila kwamba ana fedha.

Jirani wa mpwa wangu, mzee wa umri wangu anayerudisha magari ya kale katika hali yake ya kiwandani, alikuja kutusihi. Pikapu hii ni nzima, alisema, ina injini yake, nazo zilizo nzima hupungua kila mwaka. Maneno yake yalikuwa na uzito, nami kwa kazi yangu nilielekea upande wake. Tukaikagua sote watatu. Sakafu ya sanduku ilikuwa ya mbao za mkono wa mtu, si za kiwanda. Chasisi ilikuwa na matundu manne ambayo mwenyewe wa kwanza, au wa pili, aliyatoboa ili kufungia chombo fulani cha shamba. Mzee alivishika vidole vyake kwenye matundu yale, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hata hivyo hayo matundu asingeyaziba.

Kijana aliamua hivi. Alinunua chasisi nyingine iliyochakaa ya Model A, hiyo ndiyo akaichomelea mabamba na kuifunga injini ya Ford ya mwaka 1949, ya silinda nane na nguvu ya farasi 100. Kabati la dereva hakulikata. Chasisi ya asili, pamoja na matundu yake manne na injini yake iliyopakwa grisi, vilipandishwa juu ya dari ya gereji, na mzee jirani ndiye aliyeshika mnyororo upande wa pili.

Chuoni hakurudi. Nilimwandikia shemeji yangu barua ya kurasa nne, tatu kati ya hizo zikiwa habari za breki. Alinyamaza mwezi mzima, kisha akanipigia simu na kuuliza swali moja tu: je, zinashika? Nikamwambia zinashika.