Kanisa la Tewkesbury: Mali ya Watawa au Mali ya Parokia?

Mji wa Tewkesbury, katika kaunti ya Gloucestershire nchini Uingereza, umejengwa mahali inapokutana mito miwili, Severn na Avon. Kanisa lake la parokia ya Kianglikana laitwa Abasia hata leo, ingawa watawa waliondoka humo mwaka 1540. Jina hilo latukumbusha swali lililoamua maisha ya jengo lenyewe: lilikuwa mali ya nani?

Ujenzi ulianza mwaka 1102, kwa ufadhili wa Robert Fitzhamon, mkabaila wa Kinormani. Mawe yaliletwa kwa merikebu kutoka Caen, ng'ambo ya bahari, yakapandishwa kwa mto Severn. Kanisa lilitabarukiwa mwaka 1121. Watawa wa Mtakatifu Benedikto walisali upande wa mashariki, penye altare kuu. Wakaaji wa mji nao walitumia ukumbi wa magharibi, wenye nguzo nene 14, kama kanisa la parokia yao. Hivyo jumuiya mbili zilikaa chini ya paa moja.

Utakatifu wa mahali haukutosha kuzuia mkono wa wafalme. Mnamo Mei 1471, askari walioshindwa katika vita vya Tewkesbury walikimbilia kanisani. Baadhi ya wakuu wao walitolewa humo, wakahukumiwa na kukatwa vichwa. Karne iliyofuata, Mfalme Henry VIII, aliyekwisha kujitenga na Papa, alifunga nyumba zote za watawa. Maofisa wake waliliandika kanisa hilo miongoni mwa majengo yasiyo na haja. Kwao, thamani yake ilikuwa risasi ya paani pamoja na kengele.

Wanaparokia walijibu kwa hoja ya sheria: ukumbi wa magharibi ulikuwa wao tangu zamani, haukuweza kubomolewa. Sehemu iliyosalia waliinunua kwa pauni 453, yaani bei ya risasi na kengele. Kikanisa cha Bikira Maria, kilichokuwa mwisho wa upande wa mashariki, kilibomolewa. Kanisa lenyewe likasalimika.

Swali la umilki lilizuka tena mwaka 1877, wakati mjenzi George Gilbert Scott alipokuwa akilikarabati. Mwandishi William Morris alipinga gazetini, akihofia kwamba ukarabati ungefuta kazi ya mafundi wa kale. Matengenezo hayakusimama; lakini mwaka uo huo kilizaliwa chama cha kuhifadhi majengo ya kale, ambacho kingali kikifanya kazi.

Historia ya makanisa huandikwa mara nyingi kwa majina ya wafalme na maaskofu. Huko Tewkesbury, mkabaila alianzisha, mfalme akataka kubomoa. Walioliokoa jengo ni watu waliozoea kusali ndani yake, nao walilazimika kulipia kile walichokwisha kukihesabu kuwa chao.