Wimbo Kando ya Kitanda: Muziki katika Uchungaji wa Wagonjwa wa Kansa

Mnamo Oktoba 1534 Martin Luther alimwandikia barua Matthias Weller, mpiga kinanda wa Freiberg aliyekuwa amezongwa na huzuni. Alimshauri aketi kwenye kinanda chake na kumpigia Bwana mpaka mawazo mazito yamwondoke, kama walivyofanya Daudi na Elisha. Ikumbukwe kuwa katika 1 Samweli 16:23 Sauli alipata nafuu tu; baadaye mateso yake yalirudi. Tofauti hii kati ya nafuu na uponyaji ndiyo msingi wa makala haya, kwa kuwa wachungaji wengi hukosea hapo wanapomwendea mgonjwa wa kansa.

Katika nchi zinazozunguka Mkoa wa Songwe, ulioundwa mwaka 2016 kwa kumega Mkoa wa Mbeya, ngoma na tiba havikutengana zamani. Miongoni mwa Watumbuka wa kaskazini mwa Malawi, ng'ambo ya mpaka wa Ileje, ngoma ya vimbuza humweka mgonjwa katikati, na jamaa humzunguka kwa kuimba. UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2008. Wamisionari waliipinga kwa sababu ya imani ya pepo iliyofungamana nayo, na katika hilo walikuwa na hoja ya kweli. Lakini pamoja na pepo, iliachwa pia desturi ya jamii kumzunguka mgonjwa kwa sauti zao. Upande wa Songwe, Wamoraviani walifungua kituo cha Mbozi mwaka 1899, na nyimbo zilizoletwa na misheni zikapata makao ibadani. Leo kwaya zetu huimba kanisani, harusini na msibani. Ni nadra kuzisikia kando ya kitanda cha mtu aliye hai.

Elimu ya tiba imelirudia jambo hili kwa njia nyingine. Mwaka 1975 daktari Balfour Mount alianzisha wodi ya tiba shufaa katika Hospitali ya Royal Victoria huko Montreal, Kanada. Mwaka 1978 yeye na Susan Munro, mtaalamu wa tiba ya muziki, walichapisha makala kuhusu kazi hiyo. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2021 yalikusanya tafiti 81 zenye washiriki 5,576 wenye kansa. Yalionyesha kuwa muziki waweza kupunguza hofu, huzuni na maumivu kwa watu wazima, ingawa uthabiti wa ushahidi huo ulikuwa mdogo. Hakuna aliyedai kwamba wimbo huondoa uvimbe.

Kwa mkazi wa Tunduma jambo hili ni zito. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kwa barabara. Wapo wanaorudishwa nyumbani baada ya mionzi, na wapo wasioweza kusafiri kabisa. Hao wote huwa mikononi mwa familia na usharika. Muziki hauchukui nafasi ya daktari wala ya dawa ya maumivu, na mchungaji anayemwambia mgonjwa aache dawa aimbe tu anamtenda dhambi.

Basi hatuna budi kujifunza mambo mawili. Mosi, wimbo uchaguliwe na mgonjwa. Kwaya inayoingia na wimbo wa kuaga wafu humzika mtu kabla ya siku yake. Mama wa Kinyiha aliyelelewa kwa nyimbo za shambani huenda akahitaji hizo kuliko tenzi zetu. Pili, waimbaji wawe wachache, waimbe polepole, na wajue kunyamaza mgonjwa anapochoka au anapotaka kulia. Zaburi za maombolezo zimo katika Biblia ili mwenye maumivu asilazimishwe kushangilia.

Sauli hakupona, lakini Daudi hakukataa kumpigia kinubi kwa sababu hiyo. Usharika unaosubiri muujiza ndipo uimbe utachelewa. Mgonjwa anatuhitaji sasa, angali anasikia.