Haki za ubunifu: Funzo la kikoi

MNAMO 2006, kampuni moja nchini Uingereza iliwasilisha ombi la kusajili neno "kikoy" kuwa alama yake ya biashara. Habari hizo zilizua ghadhabu nchini Kenya, ambapo wengi walidhani kwamba vazi la mababu wa Pwani limeibwa.

Kilichoombwa kilikuwa jina, si kitambaa. Hata hivyo, athari zake zingekuwa nzito, kwani mfanyabiashara wa Lamu au Mombasa angehatarisha kushtakiwa kwa kuuza kikoi Uingereza akikiita kikoi. Kwa usaidizi wa shirika la Traidcraft, ombi hilo lilipingwa, na kufikia 2008 likaachwa.

Aghalabu watu huchanganya haki hizi. Alama ya biashara hulinda jina au nembo inayotofautisha bidhaa za mtu na za mwenzake. Jina la kitu chenyewe halifai. Muuza ugali hawezi kujimilikia neno "ugali". Nchini Kenya, alama husajiliwa kwa miaka 10, na muda huo waweza kuongezwa tena na tena.

Hataza nayo hulinda uvumbuzi kwa miaka 20, mradi uwe mpya, utumike viwandani, na usiwe jambo ambalo fundi yeyote wa kazi hiyo angelibuni kwa wepesi. Hapa ndipo wavumbuzi hujiponza: anayetangaza uvumbuzi wake kabla ya kuwasilisha ombi huenda akaipoteza haki hiyo, hasa katika nchi za nje.

Hakimiliki haitegemei usajili. Huzaliwa pindi mtunzi aandikapo shairi au riwaya yake, na hudumu hadi miaka 50 baada ya kifo chake. Wazo tupu lililo kichwani halimo.

Kikoi hakipati hataza kwa kuwa si kipya, wala hakimiliki kwa kuwa mtunzi wake hajulikani. Sheria ya 2016 kuhusu maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni ilikusudia kuziba pengo hilo kwa kuzitambua jamii kuwa wamiliki.

Lakini haki hizi huishia mpakani. Alama iliyosajiliwa Nairobi katika taasisi ya KIPI haimzuii mtu aliye London. Anayeuza nje hana budi kuisajili huko pia, ama moja kwa moja au kupitia Mfumo wa Madrid, ambao Kenya ilijiunga nao 1998, na ambao huruhusu ombi moja kupelekwa katika nchi nyingi.