Manamba wa Reli ya Kati

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Tunakumbuka mizigo iliyoshushwa, tunasahau watu waliopakiwa. Mwingereza aliigeuza Buha kisima cha kuchotea vibarua: vijana wa Kasulu na Kibondo wakapandishwa mabehewa kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, ofisi ya kuwakusanya. Kila mtu na namba yake, ndipo likazuka jina manamba. Kipande kilikuwa cha siku 30 za kazi. Usipomaliza kipimo, siku hiyo haihesabiwi.

Na huko walichekwa, bwana! Lafudhi, nguo, hata chakula chao. Manamba likawa tusi. Babu yangu alirudi na blanketi na sanduku la bati, na hapahapa stesheni ya Kigoma watoto wakamzomea kwa jina lilelile.

Warundi nao walikata mkonge pamoja na Waha. Leo Mrundi akivuka mpaka kuja kutulimia kwa ujira, sisi wajukuu wa manamba ndio tunamwambia, "Rudi kwenu!" Babu, enzi za uhai wake, akilisikia hilo alikuwa anainuka barazani, anaingia ndani.